Geti lina kufuli, tajiri hapatikani: unadai nini na unaanzia wapi

Saa moja kasorobo asubuhi, kinamama kama arobaini wamesimama nje ya geti la kiwanda kidogo cha kubangua korosho, pembezoni mwa Mtwara mjini. Kanga kiunoni, vikopo vya majivu mkononi, maana bila majivu mafuta ya ganda la korosho yanababua vidole mpaka ngozi inabanduka. Geti lina kufuli jipya. Mlinzi, kijana aliyetoka Newala, amesimama upande wa ndani.

"Shikamoo mama. Leo hakuna kazi."

"Marahaba mwanangu. Leo tu, au na kesho?"

"Mimi sijui, mama. Bosi kaondoka jana usiku na gari. Kasema mtapigiwa simu."

"Na wiki zetu mbili?"

Kijana akatazama chini. Naye alikuwa anadai miezi miwili.

Huku kwetu Kusini habari za kufunga si ngeni. Viwanda vikubwa vya korosho vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vingine vimebaki kuwa maghala. Bomba la gesi lilipokamilika mwaka 2015, nyumba za wageni zilizokuwa zimechipuka Mtwara kama uyoga zikaanza kuzima taa moja moja. Lindi nao wamesubiri mradi wa gesi wa Likong'o miaka nenda rudi, na wapo waliofungua biashara kwa matumaini hayo wakazifunga kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kwa hiyo swali la yule mama si la kiwanda kimoja. Wiki zangu mbili zinaenda wapi biashara ikifa?

Jibu fupi ni kwamba haziendi popote. Deni linabaki kuwa deni. Jibu refu ndilo linalohitaji makala, kwa sababu katikati yake kuna saa inayokimbia, na watu wengi hawajui kwamba imeshaanza kuhesabu.

Kufuli ni barua

Tuanze na jambo ambalo waajiri hupenda kulichanganya. Sheria haimkatazi mtu kufunga biashara yake. Hasara ipo, soko huanguka, mashine hufa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ndiyo inayotumika Tanzania Bara, inakubali kabisa kwamba mwajiri anaweza kuachisha watu kwa sababu za kiuchumi au za kiuendeshaji. Inachokataa ni namna. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aseme ukweli wote unaohusika, kisha akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze: kwa nini, je kuna njia ya kuepuka, nani anaondoka, lini, na analipwa nini. Mazungumzo hayo yanatakiwa kufanyika kabla ya kufunga. Simu ya baadaye kutoka Dar es Salaam haihesabiki.

Asiyefanya hivyo, akafunga usiku na kutoweka, ameachisha watu kazi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanasema, "Hatujafukuzwa, hatuna barua." Ndugu yangu, kufuli ndilo barua. Ikiwa geti limefungwa, mshahara haulipwi na hakuna anayekuambia urudi lini, ajira imekatwa kwa vitendo, na tarehe ya kufuli ndiyo utakayoulizwa mbele ya safari. Iandike siku hiyo hiyo. Piga picha geti, piga picha tangazo kama lipo, tunza ujumbe wa simu wa "tutawajulisha". Na mkiweza, andikeni barua fupi kwa mwajiri, hata kwa ujumbe wa simu, mkimweleza kwamba mlifika kazini tarehe fulani mkakuta pamefungwa. Baadaye asije akasema nyie ndio mlioacha kazi.

Siku 30 na siku 60

Nitasema la kwangu, ingawa halinipendezi. Nilikuwa mapokezi katika nyumba moja ya wageni hapa mjini, siitaji jina, wakati biashara ya watu wa gesi inapoa. Tulifungiwa wiki moja baada ya mwisho wa mwezi, na mshahara wa mwezi huo hatujaupata. Meneja akatuambia tusubiri, tajiri anatafuta mbia. Tukasubiri kwa adabu. Nilipofika ofisi za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo kila mtu anaiita CMA, ilikuwa siku ya 41.

Afisa aliyenipokea alihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole, kisha akaniuliza, "Siku zote hizi ulikuwa wapi, dada?"

Kanuni za usuluhishi za mwaka 2007 ziko hivi: mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine yote, yaani mshahara usiolipwa, likizo, notisi na mengineyo, ina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kwa siku yangu ya 41, mshahara na malimbikizo ya likizo vilikuwa bado hai. Dai la kuachishwa isivyo halali, ambalo ndilo hubeba fidia ya miezi kadhaa ya mshahara, lilikuwa limefia njiani. Unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya msingi, na mimi niliomba. Sababu yangu, "nilikuwa namsubiri tajiri," haikuonekana ya msingi. Kuugua na kulazwa hospitali kunaeleweka. Kusubiri kwa adabu hakueleweki.

Mwajiri anayejua sheria, au mwenye wakili anayeijua, anaweza kukuburuza kwa ahadi mpaka siku ya 31. Sisemi wote hufanya makusudi. Wengine kweli wanatafuta mbia. Lakini kalenda haiulizi nia ya mtu. Fungua shauri, halafu endelea kusubiri simu ukiwa na namba ya shauri mfukoni. Wakija kulipa, unaliondoa.

Kujaza fomu hakulipiwi. Ni Fomu Namba 1 ya CMA, na shauri linafunguliwa eneo ambalo mgogoro umetokea: la Lindi linaenda Lindi, la Mtwara linabaki Mtwara. Mkiwa arobaini hamlazimiki kujaza fomu arobaini. Mnaweza kumteua mmoja asaini kwa niaba yenu, na kuambatisha orodha ya majina na saini za waliomtuma. Chagueni mtu anayepokea simu.

Hesabu ya mama anayelipwa kwa kilo

"Mimi ni kibarua tu, nalipwa kwa kilo, sina mkataba." Kauli hii nimeisikia Tandahimba, nimeisikia Masasi, na kila mara inasemwa kana kwamba ni kosa la msemaji.

Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, ina kifungu cha 61 ambacho kila mbanguaji angepaswa kukijua kama anavyojua bei ya kilo. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anategemea kipato hicho kuishi, au vifaa anapewa na mwenye kazi. Moja tu linatosha kuanzia. Baada ya hapo ni juu ya mwajiri kuonyesha kuwa wewe si mwajiriwa. Na kama hakuna mkataba wa maandishi, sheria ya ajira inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi, kwa sababu ni yeye aliyetakiwa kuyaandika na kuyatunza. Kukosa mkataba si ushindi wake.

Sasa tumchukue mama mmoja wa kufikirika. Amebangua mwaka mzima, si wakati wa msimu tu, maana kiwanda kinahifadhi korosho ghafi na kuendelea kuzipasua hata minada ikiisha. Ana miaka mitatu kamili na miezi kadhaa. Analipwa kila Jumamosi kulingana na kilo. Mshahara wake ni kiasi gani, wakati wiki hii kapata 75,000 na ile kapata 40,000? Sheria imeshalifikiria hilo: kwa anayelipwa kwa kipande, unachukua alichopata katika wiki 13 za mwisho na kutafuta wastani wa wiki. Tuseme jumla ni 780,000. Gawanya kwa 13, unapata 60,000 kwa wiki. Anafanya kazi siku sita, hivyo siku moja ni 10,000.

Wiki mbili ambazo hazijalipwa ni 120,000. Hili halina mjadala, ni jasho lililokwisha kumwagika.

Notisi. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili notisi isiyopungua siku 4, anayelipwa kwa mwezi siku 28. Ikiwa hakupewa, analipwa fedha badala yake. Kwa mama wetu ni 40,000. Ni ndogo, naam, na hapa ndipo unapoona kwa nini waajiri wengine hupenda kulipa kwa wiki.

Kiinua mgongo kinataka uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka mitatu mara siku 7 mara 10,000 ni 210,000. Ile miezi ya juu haihesabiki.

Likizo ni ya siku 28 kwa mwaka, na hata mwaka wa likizo usipokamilika, siku zinajikusanya: siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Akiwa amefanya kazi siku 130 tangu likizo ya mwisho, anadai siku 10, sawa na 100,000. Na wale wa msimu wasijitoe hapa, kwani sheria imewataja waziwazi kwamba nao wana haki ya likizo yenye malipo.

Jumla 470,000, kabla hujagusa fidia ya kuachishwa isivyo halali, ambayo CMA huipanga kwa miezi ya mshahara. Dai hilo la fidia linawahusu waliofikisha miezi 6 kazini. Aliye chini ya hapo bado anadai mshahara wake, asidanganywe.

Lipo dai jingine ambalo wenyeji hatuna lakini wageni wanalo. Mpishi aliyeajiriwa Iringa na kuletwa Kilwa, au fundi aliyetolewa Dar es Salaam, anastahili kurudishwa na mizigo yake pale alipoajiriwa, au kulipwa nauli. Akicheleweshwa, anadai pia posho ya kujikimu ya kila siku mpaka siku anaposafirishwa. Posho hiyo huweza kuwa kubwa kuliko kiinua mgongo chenyewe, kwa hiyo ukiwa na barua inayoonyesha uliajiriwa wapi, itunze kama cheti cha ndoa.

Mama wa kwenye geti, yule wa kweli, alikuwa na daftari. Jalada limechanika, kurasa zina alama za vidole vyeusi. Kila jioni mwanawe wa darasa la sita alimwandikia: tarehe, kilo, shilingi. Wenzake walimcheka kwamba anajifanya karani. Orodha rasmi ya kilo ilikuwa ndani, nyuma ya kufuli.

Unamdai nani hasa?

Hapa ndipo mashauri mengi hufa kifo cha kijinga, nami nitakaa kidogo.

Kibao cha nje kinasema jina zuri la kupendeza. Jina hilo linaweza kuwa kampuni, na linaweza kuwa jina la biashara tu. Tofauti yake ni kubwa. Jina la biashara halina uhai wake kisheria. Nyuma yake kuna mtu, na deni ni la mtu huyo mwenyewe, pamoja na pikipiki yake, gari lake na kiwanja chake. Kampuni ni kitu kingine: ni "mtu" anayejitegemea, anayedaiwa kwa mali yake, na mwenye hisa kwa kawaida haguswi mfukoni. Ukijaza kwenye fomu jina la kibao wakati kisheria mwajiri ni bwana fulani, unaweza kushinda shauri dhidi ya ubao wa mbao.

Jina sahihi unalipata wapi? Tazama risiti ya mashine ya EFD, ina jina la mlipa kodi. Tazama ujumbe wa benki au wa simu ulioingiza mshahara, tazama taarifa yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, au ulizia leseni ya biashara kwa afisa biashara wa halmashauri. Usajili wa kampuni na majina ya biashara uko BRELA. Fanyeni hivi mapema, watu wakiwa bado pamoja na hasira zikiwa mbichi. Baada ya mwezi mmoja nusu yenu mtakuwa mashambani.

Na ikiwa tajiri hapatikani kabisa? Fomu inatakiwa kumfikia, na kuna njia zaidi ya kumkabidhi mkononi, ikiwemo posta ya rejista. Tunza uthibitisho. Kutoonekana kwake hakumsaidii: akiitwa kwenye usuluhishi asitokee, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua shauri bila yeye. Lakini panga hilo lina makali kuwili. Wewe mlalamikaji usipotokea, shauri lako linaweza kutupwa. Kwa anayetoka Nanyumbu kwa basi la alfajiri, hili si jambo dogo. Bora kulala mjini kwa ndugu.

Afisa Kazi wa mkoa naye ana nafasi yake. Anaweza kukagua sehemu ya kazi na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, na mara nyingine simu yake moja inafanya kazi kuliko barua zenu tano. Ila yeye hatoi hukumu, na siku ulizotumia kwenda ofisini kwake hazisimamishi zile 30. Chama cha wafanyakazi kama TUICO kikiwepo kazini kwenu, kinaweza kuwawakilisha CMA. Kisipokuwepo, tafuteni wasaidizi wa kisheria kabla ya kukimbilia wakili atakayetaka asilimia.

Onyo moja, kwa sababu nimeona likitokea: msivunje kufuli mkabeba mashine au magunia kufidia mishahara. Naelewa hasira. Lakini siku hiyo mdai anageuka mshtakiwa, na tajiri aliyekuwa mafichoni anapatikana ghafla, akiwa kituo cha polisi, akiwa na orodha ya vitu vilivyoibwa.

NSSF, na makato yaliyopotea

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Kuna fao la kukosa ajira kwa aliyeachishwa bila kupenda, aliyechangiwa angalau miezi 18: asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6. Aliyeacha mwenyewe halipati, na hiyo ni sababu nyingine ya kukataa kusaini karatasi yoyote iliyoandikwa "nimeacha kazi kwa hiari" ili upewe nusu ya mshahara wako. Uliza michango yako leo, ukiwa bado na kazi. Wapo wanaogundua siku ya kufuli kwamba makato yalikatwa kila mwezi na hayakufika popote. Kukata na kutowasilisha ni kosa, na mfuko una meno ya kumfuata mwajiri, lakini meno hayo yanauma vizuri biashara ikiwa bado inapumua.

Ukishinda

Usuluhishi umepewa siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, naye baada ya kusikiliza anatoa tuzo, yaani uamuzi wake. Tuzo ya CMA si ombi. Inapelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kukazwa kama hukumu ya mahakama: akaunti zinazuiwa, gari linakamatwa, mashine za kubangulia zinapigwa mnada. Asiyeridhika ana wiki 6 kuomba mapitio.

Kampuni ikifilisiwa rasmi, wadai wanapanga foleni, na benki huwa mbele na hati zake za dhamana. Lakini sheria ya ajira imewapa wafanyakazi kiti cha upendeleo: malipo yao ya wiki 26 kabla ya kufilisiwa yanahesabiwa kuwa deni la kipaumbele. Kwa hiyo mkisikia ameteuliwa mfilisi, mpelekeeni madai yenu kwa maandishi, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Mfilisi hana namna ya kumjua mtu ambaye jina lake liko kwenye karatasi za kilo zilizochomwa.

Wale kinamama walifika CMA siku ya tisa, wametuma watatu. Karani aliomba vielelezo. Daftari la darasa la sita likapitishwa dirishani, likatolewa nakala ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ule ambao mtoto alichora meli pembeni ya hesabu za Jumamosi.